Safari ya gari majira ya majani kupukutika: nguo zipime ukiwa umekaa

Swali: Mwezi ujao tunasafiri kwa gari siku tano, mimi, mume wangu na mama mkwe. Ni majira ya majani kupukutika: asubuhi baridi, mchana jua, jioni upepo, na siku mbili tutapita milimani. Safari iliyopita nilibeba makoti matatu na bado nilitetemeka kila niliposhuka, nikatoka jasho kila nilipopanda, na kwenye picha zote naonekana kama gunia lililofungwa katikati. Safari hii nimepewa nafasi ya begi moja. Nifungashe nini nisipate baridi, nisibanwe, na bado nipendeze?

Jibu: Dada, nianze na hilo gunia, maana ndipo tatizo lilipo. Hukutetemeka kwa kukosa makoti. Ulitetemeka kwa sababu makoti yako matatu yote yana kazi moja, na hakuna hata moja linaloweza kufanya kazi nusu. Koti nene lina hali mbili tu: limevaliwa au limevuliwa. Ukilivaa ndani ya gari unaiva. Ukilivua unabaki na fulana. Na safari ya gari majira haya karibu yote inapita katikati ya hali hizo mbili.

Kanuni ya kuvaa matabaka bila shaka umeshaisikia: la ndani liondoe jasho mwilini, la kati litunze joto, la juu lizuie upepo na mvua. Ni kanuni ya kweli, ila waliotufundisha ni watu wa kupanda milima kwa miguu, na mpanda mlima anatembea. Wewe utakaa. Saa nne, saa tano kwa siku umefungwa mkanda, mgongo umegandamana na siti, hita inakupulizia miguuni huku jua la dirishani likikuchoma bega moja. Halafu mlango unafunguliwa, na papo hapo umehama majira. Ndiyo maana wateja wangu wanaosafiri kwa gari huwaambia jambo moja kabla ya yote: nguo hizi usizipime umesimama mbele ya kioo. Zipime ukiwa umekaa.

Chukua kiti cha mezani, kikalie ukiwa umevaa kila kitu unachokusudia kuvaa kwa pamoja. Shika sahani kubwa kwa mikono miwili kama usukani; hata kama dereva ni mume wako, fanya hivyo hivyo. Izungushe kushoto, izungushe kulia. Sasa jisikilize. Kwapa linabana? Mikono ya sweta imepanda mpaka karibu na kiwiko ndani ya koti? Mgongo umebaki wazi pale juu ya kiuno kwa sababu fulana ni fupi? Kofia ya hudi imejikusanya kisogoni inakusukuma kichwa mbele? Hilo la mwisho watu hulidharau, na baada ya saa tatu ndilo linalowapa maumivu ya shingo ambayo usiku wanausingizia mto. Kisha baki hapo hapo dakika ishirini, ongea na simu, soma kitu. Kiuno cha suruali kinachoacha alama tumboni kwa dakika ishirini kitakuwa adui yako kabla ya saa sita mchana. Nguo nzuri nyingi zinafeli mtihani huu, na ni heri zifeli nyumbani.

Kinachotupa joto si kitambaa chenyewe. Ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, na kati ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo mbili nyepesi huweza kuishinda moja nzito, na ndiyo maana kujibana hakusaidii: ukizikaza nguo juu ya mwili umeifukuza ile hewa uliyoihitaji. Maji ndiyo yanayoiharibu. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo fulana iliyolowa jasho itakunyang'anya joto hata juu yake uweke koti zuri namna gani. Nadhani hapo ndipo safari yako ilipoharibikia. Nalijua kosa hili kwa sababu nimelifanya: asubuhi moja nilisafiri na fulana ya pamba chini ya koti la manyoya ya bata, hita imewashwa, nikaona uvivu kufungua mkanda nilivue. Tuliposimama kutazama bonde nilishuka mgongo ukiwa umelowa. Upepo ulipenya chini ya pindo la koti mara moja tu, ikatosha. Picha za bonde hilo ninazo, na katika zote nimekunja mabega kama kuku aliyenyeshewa.

Kwa tabaka la ndani, basi, siku za milimani weka pamba pembeni. Pamba inanyonya maji upesi na kuyaachia taratibu mno. Sufu laini, hasa ya kondoo wa merino, hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa, na huvaliwa siku mbili tatu bila kunuka. Kama uliwahi kuvaa sweta la sufu likakuwasha ukaapa kutorudia, kosa halikuwa la ngozi yako. Ni unene wa nyuzi. Nyuzi zenye unene unaozidi maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni ngumu, ncha zake huichoma ngozi. Merino ya kuvaliwa mwilini huwa chini ya 24, na nyuzi zake hujipinda zikigusa ngozi badala ya kuichoma. Poliesta iko upande wa pili kabisa: unyevu inaonyonya haufiki hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo hukauka upesi, lakini harufu ya jasho hung'ang'ania humo. Ya mchanganyiko inatosha. Na siku ambayo hamshuki sana garini, fulana yako ya pamba haina ubaya. Mimi si polisi wa pamba. Juu yake weka shati jepesi la mikono mirefu, maana vioo vya madirisha ya pembeni ya gari huzuia miale inayounguza ngozi haraka lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile inayoizeesha, na anayekaa dirishani siku tano anaipata ya kutosha.

Tabaka la kati ndilo la kutumia akili. Sharti langu ni moja: lifunguke mbele. Sweta la kuvalia kichwani ni zuri, lakini jaribu kulivua ukiwa umefungwa mkanda, nywele umezitengeneza, na mtu amekaa pembeni yako. Utampiga kiwiko mama mkwe. Kardigani unaifungua vifungo viwili, joto kidogo linatoka. Unaifungua vyote, linatoka zaidi. Gari likipunguza mwendo unaanza kuifunga, na mlango ukifunguliwa uko tayari. Hiyo ndiyo kazi nusu niliyosema makoti yako hayaiwezi. Na usikubali mtu akuambie kardigani ni nguo ya bibi: jina lake limetokana na mwungwana wa Uingereza, Earl wa Cardigan, aliyeongoza askari wa farasi katika Vita vya Crimea kati ya 1853 na 1856.

Chagua inayoishia nyongani. Ile ndefu inayofika magotini inapendeza ukitembea nayo, lakini ndani ya gari unaikalia, na kila ukiinama mbele inakuvuta mabega nyuma. Pindo lake pia ndilo linalobanwa na mlango, likafika mwisho wa safari limefuta tope la barabara nzima. Mikono iwe ya wastani, si ile mipana kama mabawa, kwa sababu lazima iingie ndani ya mkono wa koti. Na unapovaa koti juu yake, shika pindo la mkono wa kardigani kwa vidole vyako, uukunje ndani ya ngumi, ndipo uingize mkono. Ni jambo dogo, lakini asiyelifanya anaishia na mafundo mawili ya sufu viwikoni, na mafundo hayo ndiyo nusu ya lile gunia.

Pamoja na kardigani beba kizibao chembamba chenye kijazo laini ndani, kisicho na mikono. Watu hukionea haya, sijui kwa nini. Kinatunza joto la kifua na mgongo, hakiongezi chochote kwenye kwapa wala kiwiko, kinaingia chini ya koti, na ukikikunja kinalingana na mkate mdogo. Kardigani peke yake ni asubuhi ya bondeni. Kardigani na kizibao ni kituo cha mlimani. Vyote viwili na koti la upepo juu ni ile saa ya jioni ambayo kila mtu anataka picha na hakuna anayetaka kushuka. Hizo ni hali tatu kutoka kwenye nguo tatu, na bado hujabeba koti nene hata moja.

Flisi, lile vazi laini la poliesta lenye manyoya mafupi, nayo inafaa mahali pa kardigani kama unayo: nyepesi, inakauka upesi. Ila ujue kwamba ikisuguana na siti inazalisha umeme tuli, ule unaokupiga kidoleni. Mkisimama kujaza mafuta na wewe ndiye unayeshika bomba, gusa kwanza chuma cha gari mbali na tundu la tangi, na usirudi kukaa garini wakati mafuta yanaendelea kuingia. Kuteleza kwenye siti na kurudi tena ndiko kunakokujaza umeme upya, na cheche karibu na mvuke wa petroli haihitaji maelezo.

Koti sasa. Koti la safari ya gari ni nguo ya nje ya gari. Nalisema hili kwa sababu ya mkanda zaidi kuliko kwa sababu ya joto. Mkanda wa usalama unatakiwa ulale kwenye mifupa ya nyonga na upite katikati ya bega, ukiwa karibu na mwili. Koti lililotuna huusogeza mbali. Gari likigonga, koti linasinyaa kwanza, na kwa kiasi hicho hicho mkanda unakuwa umelegea. Kwa watoto walio kwenye viti vyao hatari ni kubwa zaidi: mtoto afungwe bila koti, kisha afunikwe kwa juu. Kwa hiyo koti lako lisafiri kwenye siti ya nyuma, limekunjwa mara mbili tu, mahali unapoweza kulifikia bila kufungua buti ya gari.

Unalohitaji ni jembamba: lizuie upepo, lizuie maji, liwe na mishono iliyozibwa kwa utepe kwa ndani. Ligeuze ukague, maana kitambaa kisichopitisha maji chenye mishono iliyo wazi ni mwavuli wenye matundu. Kazi ya kutunza joto unayo tayari kwenye tabaka la kati. Manyoya ya bata ni matamu siku kavu, ila yakilowa hushikana na kupoteza ile hewa. Pima upana wake kwa mtihani wa sahani, ukiwa na kardigani na kizibao ndani. Na milima usiikisie kwa hali ya hewa ya bondeni. Kwa kawaida hewa hupoa karibu nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Mkitoka bondeni kwenye nyuzi 16 mkapanda mita 1,500, huko juu tegemea kama 6, kabla upepo haujahesabiwa.

Suruali sina mengi. Mbili zinatosha, moja ya kitambaa chenye mnyumbuko kidogo kwa siku ndefu, moja ya jinzi kwa siku fupi, na mfuko wa nyuma uwe mtupu. Taitsi nyembamba ya kuvaa chini ya jinzi milimani haichukui nafasi. Soksi ndizo za kuongeza, maana mguu ukilowa hakuna tabaka litakalokusaidia. Viatu jozi mbili: raba zenye soli nyembamba za garini, na buti fupi za kushukia. Ukipokezana usukani na mume wako, usiendeshe na ndala wala kiatu kisichoshika kisigino. Kikiteleza chini ya pedali ya breki hutakuwa na muda wa kukitafuta.

Tuje kwenye kupendeza, maana naona ndilo lililokuuma. Gunia lililofungwa katikati hutengenezwa hivi: nguo nene juu ya nguo nene, pindo zote zinaishia mahali pamoja, kisha mkanda wa koti unakazwa kiunoni ili "kuonyesha umbo". Umbo halionekani, kinachoonekana ni vifurushi viwili. Mkanda huo uufunge nyuma ya koti au uuache nyumbani. Halafu zipe nguo ngazi. Ya ndani ifuate mwili, ya kati iwe na nafasi kidogo, na upana uruhusiwe kwenye kitu kimoja tu: koti pana na suruali nyembamba, au suruali pana na koti fupi. Shati lichungulie vidole viwili chini ya kardigani. Koti na kardigani vikiwa wazi, mbele yako inashuka mistari mirefu kutoka shingoni hadi nyongani, na hiyo inakupunguzia unene kwenye picha kuliko rangi nyeusi ambayo najua ulikuwa umeshaifikiria.

Rangi chagua mbili tulivu, ili kila nguo ya juu ikubaliane na kila suruali: bluu iliyoiva na rangi ya maziwa, au kijivu na kahawia. Juu ya hizo ongeza moja tu ya kupaza sauti. Kwenye mandhari ya majani ya njano na kutu, damu ya mzee inakaa vizuri sana. Kijani cha zaituni pia. Rangi ya chungwa, hapana, labda kama unataka kujificha. Na hiyo inayopaza sauti usiiweke kwenye koti. Iweke kwenye skafu. Skafu iko karibu na uso, kwa hiyo ndiyo inayoonekana kwenye kila picha. Ukiwa na mbili, watu watadhani ulibeba nguo za siku kumi. Kubwa kati ya hizo iwe pana kiasi cha kufunika mapaja ukiwa umesinzia.

Na hapo namkumbuka mama mkwe. Mtu mzima hupoa upesi, na wa heshima yake hatakuambia. Ukimwuliza "Mama, unasikia baridi?" atakujibu hapana mpaka meno yagongane. Usimwulize. Mwekee shali la sufu kwenye siti kabla hajapanda, kana kwamba limekuwa hapo siku zote, pamoja na soksi nene zisizobana sana juu ya kifundo. Kila baada ya saa mbili simameni, ashuke atembee kidogo. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu si kuzuri kwa damu ya mtu yeyote, na kwake zaidi. Shali hilo lihesabu kuwa ni lake, usije ukalitegemea wewe.

Begi liwe laini, la kitambaa, kwa sababu buti ya gari ina kona ambazo sanduku gumu haliingii. Zungusha fulana na taitsi kama mkeka, ziingie chini. Kardigani ikunje bapa, usiitundike, isije ikarefuka mabegani. Kwa siku tano mimi ningebeba fulana tatu za ndani, mashati mawili, kardigani, kizibao, suruali mbili, taitsi moja, skafu mbili, kofia ya sufu, nguo za kulalia, na soksi jozi sita. Sufu haihitaji kufuliwa kila siku. Itundike usiku penye hewa, asubuhi iko tayari. Ukiifua, usiweke kilainishi, kwani hufunika nyuzi na kuzizuia kunyonya. Kofia, skafu na kizibao visiingie begini kabisa. Viweke kwenye mfuko mdogo miguuni pako, maana nguo iliyo ndani ya buti, gari likiwa kando ya barabara kwenye upepo, ni nguo ambayo hukuibeba. Mkinyeshewa, makoti yaliyolowa yawekeni nyuma kwenye mfuko wa plastiki. Yakibaki kwenye siti unyevu wake utapaka ukungu vioo vyote, na mume wako ataanza kuvifuta kwa skafu yako.

Umebaki uamuzi wa yale makoti matatu. Yavae moja moja juu ya kardigani, kaa kwenye kile kiti, angalia zipu. Kama kuna lisilo nene sana, lenye zipu inayofunguka pia kutoka chini, hilo ndilo, hata kama si zuri kuliko yote: mkisimama mkakaa kwenye benchi unaifungua kidogo kwa chini, linatulia juu ya mapaja badala ya kupanda mpaka kidevuni. Mengine mawili yaache kabatini.